Jinsi ya Kukusanya Historia ya Klabu ya Skwoshi ya Wazee

Kama klabu yenu ya maveterani haijaandikwa historia yake, msianze na majina ya wenyeviti. Anzeni na wachezaji wakongwe walio hai, na wa kwanza awe yule aliyewazidi wote umri. Mimi ni katibu wa kikundi cha wazee wanaocheza skwoshi, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, hapa Mombasa, na nasema hivi kwa uchungu kabisa: karatasi zaweza kungoja, mtu wa miaka themanini na kitu hangoji.

Mfuate asubuhi mapema, au baada ya alasiri joto likishapungua. Ukiweza, kaa naye kwenye benchi nyuma ya korti wenzake wakicheza. Ule mlio wa mpira ukigonga bati la chini ya ukuta wa mbele humrudishia mtu mambo ambayo hayamjii akiwa sebuleni kwake. Mwamkie, muulize habari za nyumbani, kisha mwombe ruhusa ya kumrekodi kabla hujabonyeza simu. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na hata isingekuwepo, hiyo ni adabu tu. Mweleze sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikia.

Ukimuuliza "klabu ilianzaje?" atakupa hotuba. Muulize: "Mzee wangu, siku ya kwanza kuingia korti ulivaa nini miguuni? Raketi ilikuwa yako au ya kuazima? Nani alikushinda?" Hapo utasikia majina, na jina moja litaleta jingine. Kina mama nao waulizwe vivyo hivyo, tena peke yao, maana mbele ya waume zao wengi huwaachia wao maneno.

Mwaka ukimpotea, usimshurutishe. Mpe alama za mji huu. Wakati huo alikuwa akienda Nyali kwa daraja la zamani lililoelea majini, au kwa hili la zege la 1980? Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Mvua za El Niño za 1997 zilimkuta bado anacheza? Kwa maswali matatu kama hayo utaukaribia mwaka kuliko kwa kumkazania tarehe.

Umri uandikeni kwa uangalifu wa pekee, kwa sababu katika mchezo huu umri ndio unaopanga watu. Mashindano ya maveterani duniani huanzia miaka 35 na kupanda kwa makundi ya miaka mitano mitano: 40, 45, 50 na kuendelea. Mzee aliyezaliwa kijijini bila cheti anaweza kuwa na umri mmoja kwenye kitambulisho na mwingine kwa hesabu ya mamake. Andika yote mawili. Hata Hashim Khan wa Pakistan, aliyeshinda British Open, mashindano makubwa ya skwoshi ya Uingereza, mara saba kuanzia 1951, mwaka wake wa kuzaliwa hubishaniwa. Kinachojulikana ni kwamba taji la kwanza alilitwaa akiwa ameshapita miaka 30, umri ambao wengi huhesabiwa wamekwisha.

Na huyo Hashim ana somo jingine kwetu. Alianza kama mtoto wa kuokota mipira katika klabu ya maofisa wa Kiingereza kule Peshawar. Kwa hiyo msiishie kwenye ubao wa majina ya washindi. Watafuteni waliofagia korti, waliofunga nyuzi za raketi, waliokuwa wakiitwa kucheza na mwanachama aliyekosa mwenzake. Hao ndio waliowajua wachezaji wote, mchezo wa kila mmoja na hasira zake. Wengine wako Kisauni na Likoni, wengine wamerudi bara. Historia inayowaacha hao nje mimi siihesabu kuwa historia ya klabu.

Sasa picha. Unyevu wa pwani huzila, na nyingi utazikuta zimegandamana na kioo cha fremu. Usiibandue! Rangi itabaki kwenye kioo. Iache humo humo, ipeleke karibu na dirisha, zima taa na upige kwa simu ukiwa umesimama upande kidogo ili mng'ao usiingie. Fungua mgongo wa fremu tu, kwa sababu mara nyingi kuna mwandiko nyuma, au mhuri wa studio iliyosafisha picha.

Picha isiyo na tarehe isomwe kwa vitu vilivyomo. Raketi ya mbao yenye kichwa kidogo cha duara hukupeleka miaka ya 1980 kurudi nyuma. Karatasi za alama nazo zinasema: kwa hesabu ya zamani mchezo uliishia 9, na anayeanzisha mpira pekee ndiye aliyepata alama; tangu 2009 hesabu rasmi ni 11, na kila mpira una alama, hata kama hukuuanzisha wewe. Ukiona 9–7, huenda karatasi ni ya kabla ya hapo, ingawa kuna wazee walioing'ang'ania 9 kwa miaka mingine mingi, basi linganisha na wino na majina.

Kumbukumbu za mikutano zikikosekana klabuni, ulizieni kwa Msajili wa Vyama kama klabu iliandikishwa, kisha pangeni safari ya Nairobi kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue. Magazeti ya zamani yatawachukulia muda, kwa hiyo nendeni mkiwa na miezi mahususi mnayoitafuta.

Wazee wawili wakipingana kuhusu nani alishinda fainali fulani, usiwe hakimu. Weka maneno ya kila mmoja na jina lake. Rasimu ikiwa tayari, isome kwa sauti mbele yao, kahawa ikipita, na uache nafasi pembeni mwa kila ukurasa kwa marekebisho. Namba za simu na habari za ugonjwa ziondoe. Nakala zihifadhiwe mahali pasipopungua pawili, nje ya jengo la klabu, na kila aliyehojiwa apewe yake mkononi, kwa herufi kubwa ambazo macho yake yataziweza.