Somo: Kuonja Cahors, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, na chakula kinachopatana nao

Wengi wakionja mvinyo mwekundu wa Ufaransa mara ya kwanza hukunja uso. Wanauona mkavu, unakwaruza ulimi, basi wanasema mbaya. Lakini mvinyo wa namna hii hutengenezwa uende na nyama. Kuunywa mtupu ni kuuonea. Nimechagua Cahors, kutoka bonde la mto Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa. Kwa sheria, angalau asilimia 70 yake iwe zabibu za Malbec. Zinazobaki ni Merlot na Tannat.

1. Joto. Nyuzi 16 hadi 18. Kwa joto la Dar au Mombasa, weka chupa kwenye friji saa moja au zaidi kabla. Ukiwa vuguvugu, pombe inakupanda puani. Ukiwa baridi sana, ukakasi unazidi.

2. Fungua mapema. Mvinyo mchanga, yaani ambao haujakaa miaka mingi, umimine kwenye jagi la kioo, upate hewa saa nzima.

3. Tazama. Jaza theluthi ya glasi, iinamishe juu ya karatasi nyeupe. Cahors mchanga unakaribia weusi, ndiyo maana zamani ulijulikana kama mvinyo mweusi. Ukizeeka, ukingo wake huelekea rangi ya matofali.

4. Nusa. Mara ya kwanza bila kutikisa, kisha zungusha glasi unuse tena. Tafuta zambarau zilizoiva, forosadi, tumbaku, pilipili manga. Ukisikia harufu ya boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu. Rudisha chupa dukani.

5. Onja. Hapa usiharakishe. Piga funda dogo, lizungushe mpaka lifike kwenye fizi. Mdomo utakauka kama umeng'ata bibo bichi. Hiyo ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Hushikamana na protini za mate, na mate yanapoteza utelezi.

Sasa tafuna kipande cha nyama yenye mafuta na chumvi, meza, halafu onja tena. Ukakasi umelegea, na ladha ya matunda ambayo hukuisikia mwanzo imejitokeza. Tanini imepata protini ya nyama ya kushikamana nayo, mafuta yametanda ulimini, na chumvi imepunguza uchungu. Jaribu mwenyewe, funda moja kabla ya nyama na moja baada yake. Ukishaisikia tofauti hiyo, hutahitaji orodha ya mtu ya chakula gani kiende na mvinyo gani.

6. Chakula. Wenyeji huunywa na *confit de canard*, paja la bata lililokolezwa chumvi kisha likapikwa polepole ndani ya mafuta yake lenyewe. Kondoo wa kuoka na uyoga navyo vinakubali. Samaki hapana, hasa wa mafuta: mdomoni inabaki ladha ya chuma.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Sisi huku ni mbuzi choma na pilipili, itakuwaje?*

Mbuzi choma safi kabisa, chagua mbavu zenye mafuta. Shida ni pilipili: pombe na tanini huchochea mwasho. Iweke pembeni, kila mtu ajitilie kidogo.

*Malbec si ya Argentina jamani?*

Asili yake ni Ufaransa, na huko huitwa pia Côt. Ilipelekwa Argentina miaka ya 1850. Ya Mendoza, eneo la mvinyo huko Argentina, kwa kawaida ni laini na ina matunda zaidi, kwa hiyo anayeanza ataipenda haraka. Wakulima wa Cahors wenyewe walipata pigo Februari 1956, baridi kali ilipoua mizabibu mingi. Walipanda upya, na mwaka 1971 mvinyo wao ukapewa hadhi ya AOC, ile inayolinda jina la eneo.

*Chupa ikibaki nusu, inakaa muda gani?*

Izibe vizuri, weka friji, siku mbili tatu bado ni nzuri. Itoe mapema kidogo kabla ya kunywa. Ikianza kuchachuka, mimina kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe ya mchuzi mzito na uiache ichemke taratibu.