Kusikiliza sauti kutoka Mirihi na Zohali: mwongozo wa hatua kwa hatua

Rafiki yangu alipakua rekodi ya upepo wa Mirihi, akaicheza kwenye spika ya simu, kisha akaniandikia kwamba faili ni bovu. Faili lilikuwa zima. Nimemwelekeza, naye sasa anasikia. Maelekezo yenyewe ni haya.

Hatua ya 1: Jua unasikiliza nini

Kuna rekodi za maikrofoni na kuna mawimbi yaliyogeuzwa kuwa sauti. Perseverance, gari la NASA (shirika la anga za juu la Marekani) lililotua Mirihi kwenye kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, lina maikrofoni 2: moja juu ya mlingoti, nyingine ubavuni. Hizo hunasa hewa ikitikisika, kama maikrofoni yoyote. Cassini, chombo kilichoizunguka Zohali, ilikuwa na antena. Ilipokea mawimbi ya redio ambayo sikio haliwezi kuyapata kabisa, na ili tuyasikie wataalamu waliyashusha mara 44. Huygens, chombo kidogo kilichobebwa na Cassini, nayo ilishuka Titan, mwezi wa Zohali, tarehe 14 Januari 2005, lakini sauti ya mteremko wake inayosambazwa iliundwa upya maabara kutokana na data ya vipimo vyake. Soma maelezo yaliyo chini ya faili kabla ya kubofya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: Pakua WAV, achana na MP3

NASA wanatoa bure, na Chuo Kikuu cha Iowa wana hazina nzuri ya mawimbi ya Cassini na ya vyombo vya angani vya Voyager. WAV ni faili la sauti lisilobanwa, MP3 ni lililobanwa. Ukikuta WAV na MP3 pamoja, chukua WAV hata kama ni nzito. MP3 hutupa kile inachodhani hutakisikia, na wewe hicho ndicho unachokitafuta.

Hatua ya 3: Vaa hedifoni

Mrindimo wa helikopta ya Ingenuity, ulionaswa tarehe 30 Aprili 2021, uko kwenye hezi 84, yaani mitikisiko 84 kwa sekunde. Spika ya simu haifiki huko. Hedifoni kubwa zinazofunika sikio zinafika.

Hatua ya 4: Pandisha sauti iliyo chini mno

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Tuchukue upepo ulioitikisa InSight, chombo cha NASA kilichotua Mirihi, tarehe 1 Desemba 2018. Ulinaswa na kipima-mitetemo, na mlio wake uko karibu na hezi 50 kwenda chini. NASA walitoa rekodi ghafi pamoja na nyingine iliyokwisha kupandishwa oktavi 2 (kila oktavi ni kuzidisha hezi mara 2). Hakikisha unayo ile ghafi, maana ukiipandisha iliyopandishwa utapata mlio ambao haujawahi kuwepo popote.

Mimi natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, nayo ni bure. Fungua faili, bofya jina la wimbo upande wa kushoto, kisha nenda kwenye "Rate". Kama faili lina sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, chagua 192,000. Umezidisha mara 4, yaani oktavi 2, na hezi 50 sasa ni 200. Urefu nao umepungua hadi robo, kwa hiyo usishtuke dakika moja ikiwa sekunde 15.

Sasa tahadhari. Usiende kwenye "Resample" iliyo kwenye menyu ya juu. Inafanana kwa maneno, lakini hubadilisha idadi ya sampuli na kuacha mlio palepale ulipokuwa. Unaweza kukesha ukibofya na usisikie tofauti yoyote. Kiwango cha sampuli cha mradi mzima nacho kiache kilivyo. "Change Pitch" siipendi kabisa kwa kazi hii: ili urefu usibadilike, programu inalazimika kuunganisha vipande yenyewe, na mikwaruzo inayozaliwa hapo utadhani imetoka Mirihi. Ukiamua kutumia "Change Speed", angalia kisanduku cha asilimia: mara 4 ni ongezeko la 300, wala si 400. Na kama unataka kuchuja mvumo wa chini, chuja baada ya kupandisha. Ukichuja kabla, unafuta rekodi yenyewe.

Faili la Ingenuity halihitaji lolote kati ya haya.

Hatua ya 5: Itazame

Kwenye menyu ileile ya wimbo chagua "Spectrogram", yaani picha inayoonyesha hezi za sauti kadiri muda unavyokwenda, kisha shusha kikomo cha juu hadi hezi 500. Kwenye faili la Ingenuity utaona mstari karibu na 84, ukipanda na kushuka kidogo helikopta inaposogea na kuondoka. Ukishauona, sikio nalo huupata mrindimo kirahisi zaidi.

Hatua ya 6: Hifadhi

Hifadhi kwa jina jipya lenye kizidishi ndani yake, kwa mfano insight_x4.wav, na lile ghafi usiliguse. Kifaa cha kupunguza kelele kisahau: hakijui kutofautisha upepo wa Mirihi na kelele za kompyuta yako, kitafuta vyote viwili.