Makala ya ukumbi wa muziki: eleza sauti inavyomfikia msikilizaji

Wenzangu mnaohariri Wikipedia ya Kiswahili hapa Bagamoyo, makala ya ukumbi wa muziki isiishie kwenye urefu wa jengo. Juzi nilikuwa naiandika ya Elbphilharmonie, jengo la kumbi za muziki mjini Hamburg, Ujerumani. Rasimu yangu ilisema tu "una viti 2,100". Nikarekebisha: hivyo ni vya ukumbi mkuu, maana humohumo ndani upo mdogo wa watu 550 hivi.

Kisha nikaeleza lile linalonigusa zaidi. Viti vinapanda ngazi kwa ngazi vikilizunguka jukwaa, hakuna msikilizaji aliye zaidi ya mita 30 kutoka kwa kiongozi wa okestra. Kuta zimevikwa vibao vya jasi vipatavyo 10,000, vimechongwa vishimo vya kina tofauti ili sauti itawanyike, isirudi kama mwangwi. Aliyewahi kusikiliza ngoma kwenye ukumbi wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ataelewa mara moja.

Tarehe nazo zisichanganywe: Plaza, yaani eneo la jengo lililo wazi kwa umma, ilifunguliwa Novemba 2016, onyesho la kwanza likafanyika 11 Januari 2017. Kila namba iwekee chanzo chake papo hapo.