Namna ya Kuufufua Mchezo wa Mashujaa wa Mwaka 1984 Barazani Lindi

Mtu aliyeucheza mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa katika miaka ya themanini, awe aliukuta masomoni ng'ambo au aliletewa na ndugu yake baharia, hausahau upesi, na mara nyingi hutamani kuwaonjesha wanawe na wapwa zake kabla karatasi zake hazijaliwa na mchwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Boksi la asili si la lazima. Wachezaji watatu au wanne, mwamuzi mmoja wa kusimulia kisa na kuamua matokeo, penseli na karatasi kutoka duka lolote la steshenari vinatosha, ili mradi kanuni moja iliyoupa mchezo huo uhai wake isiachwe nyuma.

Kwanza chagua mchezo. Villains and Vigilantes, uliotungwa na Jeff Dee na Jack Herman mwaka 1979, unamtaka mchezaji ajiigize yeye mwenyewe, kwa jina lake na tabia zake, kisha aongezewe nguvu za ajabu. Champions wa mwaka 1981 unatumia dadu za kawaida za pande sita, ambazo kila nyumba yenye ludo inazo, lakini hesabu zake ni nyingi kiasi kwamba kumuunda shujaa mmoja kunaweza kumaliza jioni nzima. DC Heroes wa mwaka 1985 una hesabu ya werevu, ambapo kila hatua moja ya nguvu ni maradufu ya iliyotangulia. Kwa watu wanaoanza, mimi nashauri Marvel Super Heroes, mchezo uliobuniwa na Jeff Grubb na kutolewa na kampuni ya TSR mwaka 1984, kisha uazime wazo la kujiigiza kutoka kwa ule wa mwaka 1979, kwa sababu kijana wa Lindi atajifunza haraka zaidi akiwa yeye mwenyewe kuliko akiwa tajiri wa New York.

Mchezo huu unahitaji namba kuanzia 1 hadi 100, na dadu za pande kumi si rahisi kuzipata huku kwetu. Chukua vizibo kumi vya soda, uviandike 0 hadi 9, uvitie katika kopo. Mchezaji achomoe kizibo cha makumi, akirudishe, atikise, kisha achomoe cha mamoja. Sifuri mbili zihesabiwe 100.

Kila mhusika ana sifa saba: kupigana, wepesi, nguvu, ustahimilivu, akili, machale na utashi. Sifa hupewa viwango vyenye namba maalumu, navyo ni 2 kwa dhaifu, 4 kwa duni, 6 kwa mtu wa kawaida, kisha 10, 20, 30, 40, 50, 75 na 100. Jumla ya sifa nne za mwanzo ni uhai wa mhusika, na jumla ya tatu za mwisho ni akiba yake ya Karma, yaani pointi za wema nitakazozieleza hapa chini. Tuseme nahodha wa mashua ya Kitunda amepewa uwezo wa kupumua chini ya maji: kupigana 10, wepesi 20, nguvu 6 na ustahimilivu 30 vinampa uhai wa 66, na akili 10, machale 20 na utashi 10 vinampa Karma 40.

Anapojaribu jambo lenye shaka, anachomoa vizibo na kulinganisha na kiwango cha sifa inayohusika. Mwenye kiwango cha 6 hushindwa akipata 50 au chini yake. Mwenye 10 hushindwa hadi 45, mwenye 20 hadi 40, na ukomo huo hupungua kwa tano kila kiwango kinapopanda. Jedwali la asili lina rangi nne, nyeupe ikiwa ni kushindwa, halafu kijani, njano na nyekundu kwa kadiri ushindi unavyokuwa mkubwa. Asiye na jedwali atumie ukomo huo tu, na kila namba kuanzia 95 aihesabu kuwa nyekundu.

Sasa Karma, ambayo ndiyo kanuni niliyoitaja mwanzoni. Mchezaji huipata kwa kuokoa watu na kuzuia uhalifu, na huitumia kuongeza namba aliyochomoa, mradi atangaze nia hiyo kabla ya kutia mkono koponi. Karma hiyohiyo ndiyo inayonunua maendeleo ya mhusika, kwa hiyo kila anayeitumia leo anajichelewesha kesho. Shujaa akiua, hupoteza Karma yake yote. Tena hupungukiwa akivunja ahadi zake za kawaida, na hapa ndipo mwamuzi wa Lindi anapopata utajiri ambao watungaji hawakuufikiria: nahodha wetu aliyekuwa akipambana na majambazi usiku kucha asipofika mazikoni Mtanda asubuhi, au akikosa zamu ya kuvusha watu, atozwe. Andika ahadi mbili za kila mhusika juu ya karatasi yake, na usimwonee haya mtu. Michezo mingi ya baadaye ina kanuni nadhifu zaidi za mapigano, lakini sijaona iliyobana dhamiri ya mchezaji kwa urahisi kama huu.

Mandhari yabadilishwe bila aibu. Shujaa wa kuning'inia kati ya maghorofa atapata tabu katika mji huu, labda aridhike na minazi. Chora ramani yenye maeneo machache tu, kama vile stendi, soko, ufukwe, kivuko cha Kitunda na kilima cha Mtanda, na uhesabu mwendo kwa kutoka eneo moja kwenda jingine, kama mchezo wa asili unavyofanya.

Kwa kisa cha kwanza, Tendaguru, kilima cha mkoa huuhuu wa Lindi, inatosha. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na mmoja wa wanyama hao leo amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Buni genge linalochimba mfupa uliosalia na kuupakia jahazini usiku. Mpe kiongozi wao nguvu ya kiwango cha 50, ili mashujaa washindwe kumkabili mmoja mmoja. Panga pambano hilo liangukie saa ambayo angalau mhusika mmoja ana ahadi kwingine, kisha mwache mchezaji aamue mwenyewe bila kumdokeza.

Saa tatu za mchezo zinatosha, na usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe ni wakati mzuri kuliko msimu wa korosho, ambapo nusu ya wachezaji watakuwa mashambani au mnadani. Kabla watu hawajatawanyika, mwamuzi agawe Karma hadharani akieleza sababu ya kila pointi, halafu akusanye karatasi zote akae nazo yeye, kwa maana mchezaji aliyeachiwa ya kwake hurudi akiwa na namba ambazo hakuna anayezikumbuka.