Mlango wa gereji ukigoma: anza na mlango wenyewe, mota ifuate

Mlango wa gereji ukigoma kufunguka, lawama hubebeshwa mota. Betri ya rimoti inabadilishwa, plagi inachomolewa na kurudishwa, na mwisho inanunuliwa mota mpya ambayo nayo haimalizi mwaka. Kosa lilikuwa mlangoni tangu mwanzo. Mota haikutengenezwa kubeba mlango. Kazi yake ni kuuvuta na kuusukuma tu. Mbeba mzigo ni springi. Mlango wa upana wa magari mawili unaweza kufika kilo 100 na zaidi, lakini springi zikiwa sawa mtu mmoja anaunyanyua bila jasho. Springi zikichoka, uzito huo unaiangukia gia ndogo ya plastiki ndani ya mota.

Maelezo haya ni ya mlango wa vipande vilivyoungwa kwa bawaba, unaopanda ndani ya reli mbili na kulala chini ya dari, ukivutwa na mota ya mnyororo au ya mkanda.

Jaribio la mkono

Funga mlango hadi uguse sakafu, kisha chomoa plagi ya mota. Vuta kamba ya dharura, mara nyingi nyekundu, inayoning'inia kwenye reli ya mota. Itaachanisha mlango na toroli, yaani kile kipande kinachotembea kwenye reli na kuuvuta. Usiivute kamba hiyo mlango ukiwa juu: kama springi imekatika, mlango utaporomoka na hakuna wa kuuzuia.

Sasa unyanyue kwa mikono miwili hadi usawa wa kiuno, halafu legeza mikono taratibu bila kuiondoa mbali.

Ukikaa pale pale, au ukisogea kidogo tu, springi ni nzima na kosa liko kwenye mota, umeme au sensa (macho ya usalama karibu na sakafu). Ukishuka wenyewe, springi zimelegea. Ukipaa, zimekazwa kupita kiasi. Ukiwa mzito hata kutoka sakafuni ni shida, springi moja imekatika. Na ukipanda vizuri lakini ukakwama mahali pale pale kila mara, kagua rola na reli za upande huo.

Dakika mbili za jaribio hili huokoa siku nzima ya kufungua vitu visivyo na kosa.

Springi na kebo

Springi ni za aina mbili. Za kusokota zimevishwa kwenye shafti juu ya mlango. Za kuvutika zimelazwa kando ya reli za juu, moja kila upande. Springi ya kawaida hukadiriwa kudumu mizunguko 10,000, mzunguko mmoja ukiwa ni kufungua na kufunga. Mlango unaofunguliwa mara 4 kwa siku utaimaliza kwa miaka kama 7. Ya kusokota ikikatika hutoa mlio mkubwa, na ukiangalia utaona pengo la sentimita kadhaa katikati ya koili, yaani pete za waya wa springi. Kuanzia hapo usibonyeze swichi tena, maana mota itanyanyua mlango sentimita chache, itashindwa, na gia itasagika.

Kubadili springi ya kusokota ni kazi ya fundi aliyezoea milango hii. Mlango ukiwa umefungwa, springi hiyo imesokotwa kwa nguvu nyingi, na kilichoizuia isifyatuke ni skrubu mbili tu kwenye kishikio chake cha mwisho. Ukizilegeza bila nondo maalumu zinazoingia sawasawa kwenye matundu ya kishikio hicho, kishikio huzunguka kwa kasi ya kuvunja mkono. Bisibisi haifai kabisa kuwa badala ya nondo hizo.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kupima ili iletwe springi inayofaa. Pima urefu wa koili 20 zilizobanana, kisha gawa kwa 20: koili 20 zikitoa milimita 105, waya una unene wa milimita 5.25. Andika pia kipenyo cha ndani, urefu wa springi yote ikiwa imelegea, na upande iliposokotewa. Urefu huo wa kulegea huupati kwenye springi nzima iliyokazwa. Pima ile iliyokatika, vipande vyote viwili, bila kugusa skrubu. Kama ziko mbili, zote zibadilishwe siku moja, kwa sababu zimefanya kazi sawa na ya pili haiko mbali na kukatika.

Za kuvutika zina unafuu, kwa kuwa hulegea mlango ukiwa juu kabisa. Fungua mlango hadi mwisho, chomoa plagi, kisha bana klampu kwenye reli zote mbili chini ya rola ya chini kabisa ili mlango usiweze kushuka. Hapo springi inatoka kwenye ndoano bila vita. Mpya ichaguliwe kwa uzito wa mlango, wala si kwa kufanana urefu na ya zamani. Hakikisha pia kuna kebo ya usalama iliyopita katikati ya kila springi na kufungwa ncha zote mbili. Bila kebo hiyo, springi ikikatika kipande chake huruka gereji nzima.

Kebo za kunyanyulia, zile zinazotoka pembe za chini za mlango, zikague kwa macho kila baada ya miezi michache. Nyuzi zikianza kuchomoza, hasa karibu na sakafu panapopata unyevu, kebo imekwisha. Kamwe usifungue bolti za kishikio cha chini kinachoshika kebo, kwa kuwa mvutano wote wa springi umefungwa pale. Mlango ukienda upande kwa sababu kebo moja imetoka kwenye ngoma yake (gurudumu la juu inakojizungusha), uache ulivyo na umwite fundi. Kila ukibonyeza swichi unaupinda zaidi.

Kelele, kukwaruza na kukwama

Hapa kazi ni nyepesi. Kaza kwanza bolti na nati za bawaba na za mabano ya reli, maana mtikisiko huzilegeza. Zile za kishikio cha chini na skrubu za springi ziache. Weka pima maji kwenye reli za wima. Zikiwa zimeinama, legeza bolti za mabano kidogo, gonga reli kwa nyundo ya mpira hadi isimame wima, kisha kaza tena. Reli iliyobonyea inyooshwe kwa nyundo na kipande cha ubao.

Kosa linalorudiwa sana ni kupaka mafuta ndani ya reli. Rola inatakiwa iviringike, na grisi ndani ya reli huifanya iteleze huku ikikusanya vumbi hadi liwe uji mgumu. Reli ifutwe kwa kitambaa, basi. Grisi nyeupe ya lithiamu au spreyi ya silikoni iende kwenye maungio ya bawaba, beringi za rola, beringi za ncha za shafti, na kidogo juu ya koili za springi, mara 2 kwa mwaka. Mafuta mepesi ya kulegeza kutu hayafai hapa, kwa sababu husafisha kilainishi kilichokuwepo kisha yenyewe hukauka.

Rola ya nailoni iliyopasuka, au ya chuma inayoyumba kwenye beringi, hubadilishwa mlango ukiwa umefungwa na plagi imechomolewa. Fungua bawaba moja, vuta rola nje ya reli, chomeka mpya, rudisha bawaba, ndipo uhamie nyingine. Moja moja, usifungue mbili pamoja. Bawaba nyingi zimegongwa namba 1, 2, 3. Kila moja irudi ilipotoka, kwani namba ndiyo inayoamua rola ikae umbali gani kutoka kwenye mlango. Rola ya chini kabisa iache, kwa sababu ile ile ya kebo.

Mlango unafunguka, lakini haukubali kufunga

Hili karibu kila mara ni macho ya usalama: sensa mbili zinazotazamana, kila moja upande wake, zisizozidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Moja hutuma mwanga usioonekana, nyingine hupokea. Mwanga ukikatwa, mlango hukataa kushuka au hurudi juu, na taa ya mota humweka. Dalili ya uhakika: ukishikilia swichi ya ukutani bila kuachia, kwenye mota nyingi mlango unafunga.

Futa lenzi kwanza. Utando wa buibui unatosha kuleta balaa lote hili. Kisha tazama vitaa vya sensa. Cha mpokeaji kikizimika au kikimemeteka, legeza nati yake, isogeze kidogo kidogo hadi kiwake bila kutikisika, halafu kaza huku ukikitazama, maana kukaza kwenyewe huisogeza. Uzi uliovutwa kutoka sensa moja hadi nyingine husaidia kuziweka kimo kimoja.

Kitaa kikigoma hata baada ya hapo, fuata waya. Mara nyingi pini ya kuushikilia ukutani imeutoboa, au panya ameutafuna. Kujua kama mbovu ni waya au sensa, chomoa plagi, fungua sensa zote mbili, ziunge kwenye mota kwa vipande vifupi vya waya mpya, zitazamane, kisha rudisha umeme. Zikiwaka, badili waya wa zamani. Zisipowaka, badili sensa, zote mbili. Kuziacha zimefungwa pamoja juu ya mota ili zisisumbue ni kuondoa kinga ya mtoto anayepita chini ya mlango.

Kama tatizo hutokea saa fulani tu za siku, jua linaipiga sensa inayopokea. Badilisha pande: inayopokea iende kwenye kivuli.

Unagusa sakafu kisha unapaa tena

Mota inadhani imegonga kitu. Kikomo cha chini kimewekwa mbali mno, hivyo inaendelea kusukuma mlango uliokwisha kufika. Kwenye mota za zamani kuna skrubu za kikomo ubavuni. Mara nyingi mzunguko mmoja mzima ni kama sentimita 5 za mwendo, kwa hiyo geuza robo robo na kujaribu. Mpya zina vitufe vya mishale. Kinyume chake, mlango ukiacha mwanya chini, ongeza kikomo. Kirekebishi cha nguvu ni kitu kingine, na ni cha mwisho kuguswa. Kukiongeza ili mota iweze kubeba mlango mzito ni kuficha springi mbovu, na pia kunaondoa uwezo wa mlango kurudi unapogonga mtu.

Mota inaunguruma au inazunguka bure

Ikizunguka na mlango usisogee, angalia kama toroli imeungana na mlango. Huenda kuna mtu alivuta kamba ya dharura. Mnyororo ukisimama huku ndani kunasikika mota inazunguka, chomoa plagi na ufungue kifuniko. Unga au vipande vyeupe vya plastiki vinamaanisha gia imekwisha meno. Legeza mnyororo, toa gia na shafti yake, toa pini kwa nyundo na kibonyezi chembamba, weka mpya pamoja na grisi inayokuja nayo. Mnyororo ukiurudisha usiukaze kama uzi wa gitaa. Ulegee kidogo katikati, kwa kiasi cha kijitabu cha mota hiyo. Kisha rudia jaribio la mkono, kwa sababu gia haisagiki bila sababu.

Ikinguruma bila kuzunguka, hakikisha komeo la mkono la mlango halijafungwa. Kama liko wazi, shuku kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa kuiwasha mota, kwenye mota zinazokitumia: mara nyingi huvimba kichwa au huvuja. Kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo unganisha miguu yake kupitia rezista (kizuia umeme) ya omu 10,000 na wati 5 kwa sekunde 10 kabla ya kuigusa. Mpya iwe na maikrofaradi (kipimo cha ujazo wake wa umeme) zile zile, na volti zisizopungua za zamani.

Rimoti

Swichi ya ukutani ikifanya kazi na rimoti zote zimegoma, kagua kwanza kama kitufe cha kufunga rimoti hakijabonyezwa kwenye swichi hiyo. Rimoti moja ikigoma, badili betri, mara nyingi CR2032 ya volti 3 au A23 ya volti 12. Ikiwa inashika ukiwa karibu tu, tazama waya mwembamba wa antena kwenye mota: uning'inie wazi, usiviringishwe. Toa pia balbu ya LED ya mota na ujaribu tena, kwani baadhi ya balbu hizo hutoa mawimbi yanayovuruga rimoti.

Kuifundisha rimoti upya kwenye mota nyingi: bonyeza kitufe cha kujifunza nyuma ya mota na kuachia, kisha ndani ya sekunde 30 bonyeza cha rimoti hadi taa imweke. Kitufe cha kujifunza usikishikilie muda mrefu bila nia. Sekunde kama 6 hufuta rimoti zote.

Kabla ya kuurudisha kazini

Laza ubao wa unene wa sentimita 4 sakafuni, katikati ya njia ya mlango, kisha funga mlango kwa mota. Ukigusa ubao, mlango unatakiwa urudi juu ndani ya sekunde 2. Rudia kwa kupitisha ufagio mbele ya sensa mlango ukiwa unashuka. Ukishindwa jaribio lolote kati ya haya hata baada ya kurekebisha kikomo na nguvu, chomoa plagi na uutumie kwa mkono hadi mota ibadilishwe.