Kabla hujahamisha nafasi kwenye faili kwa lugha ya programu ya C

Nafasi ni baiti ambapo kusoma au kuandika kunakofuata kutaanzia, na kazi inayoihamisha ni fseek. Anza na modi, yaani alama unayoipa fopen unapofungua faili. "w+" hufuta faili lote kabla hujaandika hata herufi moja. Kama unarekebisha faili lililopo, fungua kwa "r+b". Ukitumia "a+", hata urudi mwanzo, kila unachoandika kitaangukia mwishoni.

Ukiita fseek, jua unahesabu kuanzia wapi: SEEK_SET ni mwanzo, SEEK_CUR ni pale ulipo, SEEK_END ni mwisho. Hesabu huanza na baiti 0, kwa hiyo kama kila rekodi ina baiti 64, ya kumi inaanzia baiti 576.

Kumbuka kwamba kusoma nako kunasogeza nafasi. Hapa usipite haraka, nimeona watu wakiumia. Akina mama wauza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, wana kikundi cha kuweka na kukopa. Kijana mmoja, fundi kweli, akawaandikia programu. Kila mwanachama rekodi yake ya baiti 64: namba, jina, akiba. Mama akileta fedha, programu inasoma rekodi, inaongeza akiba, inaandika. Kijana alijua kwamba baada ya kusoma huruhusiwi kuandika papo hapo bila kuhamisha nafasi kwanza, akaweka fseek(fp, 0, SEEK_CUR), yaani kwenye faili fp sogea baiti 0 kutoka ulipo. Kanuni kaitii. Lakini rekodi ya kwanza ikishasomwa, nafasi imeshafika baiti 64, mlangoni kwa mtu wa pili. Akiba mpya ya wa kwanza ikaandikwa juu ya jirani yake. fseek ikarudisha 0, maana yake hakuna kosa; fwrite, kazi ya kuandika, ikarudisha 1, maana yake rekodi moja imeandikwa; yote yanaonekana safi.

Siku ya kugawana ikafika. Orodha inaonyesha mama mmoja mara mbili, kwanza na akiba ya zamani, kisha na akiba mpya, na anayemfuata hayumo kabisa. Mtu kaweka fedha mwaka mzima, anaambiwa kompyuta haimjui! Walishaanza kutuhumiana wizi. Kilichowaokoa ni daftari la mkono ambalo katibu alikuwa amekataa kuliacha.

Dawa yake ni mstari mmoja kabla ya fwrite: fseek(fp, -(long)sizeof m, SEEK_CUR), yaani rudi nyuma kwa ukubwa wa rekodi moja, m. Hiyo (long), aina ya namba inayokubali hasi, usiiruke, kwa sababu sizeof, inayotoa ukubwa kwa baiti, hutoa namba isiyokubali hasi. Ukiiwekea alama ya kutoa hivihivi inageuka namba kubwa mno, unabaki kutegemea bahati ya mashine. Na ukitoka kuandika kwenda kusoma, ita fflush, inayosukuma ulichoandika kiingie kwenye faili, au fseek tena.

Kagua majibu. fseek ikirudisha kisicho 0, simama hapohapo. ftell, inayokuambia nafasi uliyopo, ikikwama hurudisha -1L, usiitumie kama anwani.

Kwenye faili la maandishi usipige hesabu za baiti kichwani. Rudi tu mahali ulipopewa na ftell, ukitumia SEEK_SET, au nenda mwanzo.

Faili kubwa nalo liangalie. Kwenye Windows, long, aina ya namba ambayo fseek na ftell hutumia kwa nafasi, inaishia 2,147,483,647, yaani karibu gigabaiti 2.

Usijaribie programu kwenye faili lenye fedha za watu. Nakili kwanza. Kwenye nakala rekebisha rekodi ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, kisha soma faili lote uhesabu majina, na ulinganishe na daftari.