Kuunganisha mabadiliko ya mafaili ya mipangilio kwenye Linux bila kupoteza yako

Usasishaji ukifika kwenye faili ulilolihariri mwenyewe ndani ya /etc (folda la mipangilio ya mfumo), mfumo haujui ni mstari upi uliuweka kwa makusudi. Wewe ndiye unayejua. Niliwahi kukubali toleo jipya la sshd_config (mipangilio ya sshd, huduma ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) bila kulisoma: poti niliyokuwa nimeihamishia 2222 ikarudi 22, na fayawoli ilikuwa imeifunga 22. Nikabaki nje ya seva. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

1. Usasishaji ukikuuliza uchague toleo lipi, baki na faili lako kwanza. Kwa dpkg (kisakinishi cha programu cha Debian) ni herufi N. Hapo kazi haijaisha, umejipa muda tu wa kusoma.

2. Tafuta matoleo mapya yaliyowekwa kando (.dpkg-dist na .ucf-dist ni za Debian, .rpmnew ya Fedora, .pacnew ya Arch):

sudo find /etc -name '*.dpkg-dist' -o -name '*.ucf-dist' -o -name '*.rpmnew' -o -name '*.pacnew'

Angalia pia .rpmsave, ambayo ni kinyume: hilo ni faili lako la zamani, na jipya tayari linatumika.

3. Weka nakala nje ya /etc:

sudo cp -a /etc/ssh/sshd_config /root/sshd_config.kabla

Usiiache palepale. Kwenye Debian, nginx (programu ya seva ya tovuti) husoma kila kilichomo ndani ya folda lake la sites-enabled, hata nakala yako.

4. Linganisha, kisha unganisha. Hapa usiwe na haraka.

cd /etc/ssh
sudo diff -u sshd_config sshd_config.ucf-dist
sudo sdiff -s -o /root/sshd_config.mpya sshd_config sshd_config.ucf-dist

Katika diff, mistari yenye alama ya kutoa ni yako, yenye kujumlisha ni ya toleo jipya. Sdiff itakusimamisha kwenye kila tofauti: l huchukua ya kushoto (yako), r ya kulia, na eb hukufungulia zote mbili uzihariri. Mstari usioukumbuka usiukubali wala kuukataa kwa kubahatisha. Fungua man sshd_config usome. Wakati mwingine chaguo la zamani limefutwa au limebadilishwa jina, na ukiling'ang'ania huduma inaweza kugoma kuwaka.

5. Pima kabla ya kuweka:

sudo sshd -t -f /root/sshd_config.mpya

Ikinyamaza, ni salama kisarufi. Nginx ina nginx -t, sudoers (faili la ruhusa za sudo) ina visudo -c.

6. Weka, pakia upya, na usifunge dirisha ulilomo:

sudo cp /root/sshd_config.mpya /etc/ssh/sshd_config
sudo systemctl reload ssh

Kwa Fedora na Arch huduma inaitwa sshd. Fungua dirisha la pili, ujaribu kuingia. Ukikwama, la kwanza bado liko hai, rudisha nakala. Ukiingia, futa lile .ucf-dist.

Mafaili ya passwd, shadow na group usiyabadilishe kamwe kwa .pacnew zima zima. Utafuta watumiaji wako.

Kwa mipangilio yako mipya, tumia /etc/ssh/sshd_config.d/. Debian huagiza folda hilo lisomwe mwanzoni mwa faili kuu, na kwa mipangilio mingi sshd hushika thamani inayoiona kwanza, kwa hiyo yako ndiyo itakayotumika hata faili kuu likibadilika.